Mshale Chini ya Matope

Matairi mawili ya trekta yalipoteremshwa Kariokor asubuhi ya Jumatano, kazi zote kwenye mstari wa mafundi wa akala, viatu vya mpira wa matairi, zilisimama. Wanaume wanne waliyatoa kwenye pikapu, na bado lile la kwanza liliwashinda nguvu, likabingirika lenyewe mpaka likagonga nguzo ya kibanda cha Gichuru. Kibanda kikatetemeka. Akala zilizotundikwa juu zikachezacheza kama zimevaliwa na watu wasioonekana.

Adongo alikuwa ameketi chini kwenye gunia, kisu mkononi. Aliinua macho kulitazama tairi, akaendelea kuyainua, maana tairi halikuisha upesi. Kwa miaka mitano amekata matairi ya magari madogo na ya malori, akiyajua kama mpishi anavyojua vitunguu. Kitu kama hiki hakuwa amekiona. Meno yake yalikuwa manene kuliko mkono wake, yamelala mawili mawili, yakielekeana katikati kama mapaa ya nyumba zilizopangwa mstari mmoja.

"Hili likikatwa litavisha kanisa zima," Gichuru alisema akilizunguka. "Pamoja na kwaya."

Mwenye matairi hakucheka. Alikuwa mama wa makamo, jina lake Ndunge, muuza nafaka wa mtaa wa Ziwani. Alisimama amekumbatia mkoba wake kama mtu aliyeleta mgonjwa hospitalini.

"Na trekta lenyewe, mama, litatembea na nini?" Gichuru akamuuliza.

"Halitatembea. Jumamosi mtu wa vyuma kuukuu anakuja kulikata."

Akaeleza, na kwa jinsi alivyoeleza ilionekana ameshaeleza mara nyingi. Walikuwa wanawake sita wa chama kimoja. Yeye ndiye aliyewashawishi waache kununuliana vyombo, wanunue trekta kuukuu, walime mashamba ya watu kule Ruai na Kamulu. Injini ilikuwa nzima. Lakini msimu wa kwanza trekta lilimaliza matairi ya nyuma. Wakatafuta mengine. Msimu wa pili likayamaliza tena, na shambani likawa halivuti, linachimba mahali pamoja kama kuku anayejitengenezea pa kutagia. Wenzake wakachoka. Wikendi iliyopita walipiga kura, watano kwa mmoja.

"Huyo mmoja ni mimi," Ndunge akasema. "Wameniachia matairi haya nifanye ninavyotaka. Nimeyaleta yakatwe, nisiyaone tena."

Gichuru akamgeukia Adongo. "Haya, mama ndiye huyo, kazi ndiyo hiyo. Angalia utaanzia wapi."

Adongo aliinuka. Alikuwa msichana mkimya kiasi kwamba wateja wengine walidhani Gichuru ameajiri bubu, na Gichuru hakujisumbua kuwasahihisha, kwa sababu bubu habishani kuhusu bei. Alipoulizwa neno alijibu akitazama miguu ya mtu. Lakini mbele ya tairi hakuwa na haya. Kabla ya kukata alikuwa na desturi moja: aliweka kiganja juu ya mpira, akakipitisha polepole kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, akipima unene kwa vidole. Soli ya akala inataka unene ulio sawa. Kwa hiyo alikuwa ameshajifunza, bila kufundishwa na mtu, kwamba tairi lililojazwa upepo kupita kiasi huliwa katikati likabaki na mabega, na lile lililotembea likiwa laini huliwa mabega likabaki na tumbo. Hakuwahi kumwambia mtu habari hizo. Kwake zilikuwa tu njia ya kujua kisu kipite wapi.

Kiganja chake kikapita juu ya meno ya tairi la kwanza. Ukingoni yalikuwa marefu, na kona zake bado kali. Katikati yalikuwa yamekwisha kabisa, laini kama sabuni iliyotumika. Akarudia upande mwingine. Ukingo mrefu tena.

Akasimama hapo, kisu kimeshuka.

"Adongo," Gichuru akaita. "Kisu kimeisha makali?"

Akatikisa kichwa.

"Basi kata."

Hakukata. Alijua kwamba akitia kisu mara moja tu, hakuna fundi Nairobi nzima atakayeweza kulirudisha tairi lile, na alijua pia kwamba hakuna mtu aliyemwomba maoni. Alisema akilitazama tairi, kwa sauti ambayo Gichuru ilibidi ainame ili aipate.

"Baba Shiku," akamwita kwa jina la mwanawe, "hili halijaisha."

"Unasema?"

"Halijaisha. Limeliwa katikati tu. Kando ni jipya."

Ndunge akasogea. Gichuru naye akaweka mkono wake mahali pale pale, akaupitisha, na mzaha ukampungua usoni. Yeye pia alikuwa mkata akala. Vidole vyake vilisoma kilekile.

Adongo alikuwa ameshahamia tairi la pili. Hili lilikuwa limebeba matope makavu kati ya meno, yamejaa na kushikana kama saruji, ilhali la kwanza lilikuwa safi. "Yalilima shamba moja?" aliuliza, na safari hii alimtazama Ndunge, japo kidevuni tu.

"Shamba moja, siku moja. Yalikuwa kwenye trekta moja, mwanangu."

Akachuchumaa, akaanza kubandua matope ubavuni mwa tairi kwa ncha ya kisu. Udongo mweusi ukaanguka kwa mabamba. Chini yake ukatokea mshale. Ulikuwa umechorwa kwenye mpira wenyewe, mrefu kama kiganja, ukielekea njia ambayo gurudumu linapaswa kuzunguka. Akaenda kwenye tairi la kwanza, akasugua, akaupata mshale wa aina hiyohiyo.

Gichuru akapiga mluzi mdogo. "Miaka ishirini nakata matairi. Mshale sijawahi kuuona."

"Ya magari madogo mengi hayana," Adongo akasema. "Haya yana mguu wa kushoto na mguu wa kulia." Akachukua jozi ya akala za mtoto kutoka kwenye kamba, akazipanga chini, kisha akazibadilisha, ya kushoto ikaenda kulia. "Mtu akizivaa hivi anatembea, lakini si vizuri. Nafikiri moja lilivalishwa kinyume. Meno yakawa yanakusanya matope badala ya kuyasukuma nje."

Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyokuwa ametamka wiki nzima.

Ndunge alizitazama zile akala kwa muda. Kisha akamgeukia Gichuru. "Nipe huyu msichana kesho."

"Nilikuwa nimeshaota jozi mia mbili," Gichuru akasema, akikuna kichwa. "Mchukue. Lakini mama, likikataa, unirudishie matairi na msichana."

*

Trekta lilikuwa Makongeni, kando ya nyumba za reli, mahali palipobaki wazi karibu na ua. Mmoja wa wanawake wa chama, Marion Aloo, aliishi hapo, na ndiye aliyewaombea nafasi. Lilikuwa limesimamishwa juu ya mawe, ekseli zake tupu, limeinama kidogo kama ng'ombe anayekunywa maji. Adongo alilikaribia polepole. Hakujua kwamba kitu kinachofanya kazi ya mikono hamsini kinaweza kusimama kimya hivyo kati ya kamba za nguo na masufuria.

Dereva alikuwa Kimani, mtu mwembamba mwenye kofia ya sufu, aliyeendesha lori kwa miaka kumi na minane kabla mgongo haujamkatalia safari ndefu. Fundi wa pancha wa Jogoo Road alikuwa naye. Ndunge alipomaliza kueleza, Kimani akamtazama Adongo kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Sasa, kwa hivyo fundi wa ndala ndiye atanifunza tinga?"

"Si ndala," Adongo akajibu chini chini. "Ni akala."

Fundi wa pancha akacheka. Kimani hakupenda.

"Sikiza, mtoto wa watu. Mimi nikijaza tairi, nalipiga na chuma. Likilia, liko sawa. Likinyamaza, ongeza. Hivyo ndivyo nimefika Malaba na kurudi bila kulala njiani."

"Na haya yalilia?"

"Haya ni makaidi. Ilibidi tujaze mpaka pampu ichoke ndipo yalie. Lakini mwishowe yalilia."

Adongo alilizunguka trekta, akagusa ekseli, akagusa chuma cha juu ya gurudumu. Hapo, chini ya tabaka la mafuta na vumbi, kidole chake kilikutana na kibati kidogo kilichopigwa ribiti pembe nne. Akakisugua kwa pindo la sketi yake. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, na yeye aliachia shule darasa la sita, lakini palikuwa na mchoro wa gurudumu la nyuma na mchoro wa jembe, na kando yake namba.

"Anko," akasema, "hii kumi na nne ni ya nini?"

"Hiyo? Hiyo ni presha ya nyuma, ya shambani. Lakini imeharibika. Kuna namba imefutika."

"Haijafutika. Kibati ni kizima."

"Lazima imefutika," Kimani akasema kwa subira ya mtu anayemweleza mtoto. "Lori langu lilikuwa linakula mia na kumi. Tinga ni kubwa kuliko lori. Itakula kumi na nne vipi? Hata baiskeli ya muuza maziwa inakula zaidi ya hapo."

Wote wakakitazama kibati. Upepo ulikuwa ukipiga nguo kwenye kamba. Ndunge akainama, akavaa miwani yake, akasoma namba moja moja, kisha akaisoma ya juu yake, ya barabarani, iliyozidi kidogo tu. Hapakuwa na pengo. Hapakuwa na alama ya kitu kilichofutika. Mtu aliyelitengeneza trekta lile, katika nchi ambayo hakuna aliyeijua, alikuwa ameandika alichokusudia na kukipigilia ribiti nne kisije kikapotea, na kwa misimu miwili wamepanda na kushuka wakikikanyagia vumbi.

"Kimani," Ndunge akasema. "Leo Alhamisi. Jumamosi huyo mtu anakuja. Wewe una kazi gani nyingine kesho?"

Kimani akavua kofia, akairudisha. "Sina."

Walifanya kazi mpaka alasiri. Matairi, yaliyorudishwa kutoka Kariokor kwa pikapu, yakavalishwa, na safari hii Adongo alisimama nyuma ya trekta akiangalia mishale, ya kulia na ya kushoto, yote ielekee mbele, hadi meno yote yakapanda juu kama mapaa aliyoyaona Kariokor. Upande wa kushoto ulilazimika kutolewa tena na kugeuzwa, na fundi wa pancha alilaani kwa Kikamba bila kujua kwamba Ndunge anamsikia. Ndunge akamjibu kwa Kikamba. Hakulaani tena.

Kisha Kimani akajaza upepo kwa njia yake, ili waone. Akapiga kwa chuma. Tairi likalia. Geji ilisoma arobaini na mbili.

Adongo alikuwa amekuja na mfuko wa unga wa chaki. Kariokor, mteja akitaka akala imkae vizuri, humkanyagisha chaki kwanza, kisha soli, na weupe unaonyesha mguu wake unabonyeza wapi. Akaumwaga ule unga mbele ya gurudumu, mstari mpana. "Sogeza kidogo, anko. Mzunguko mmoja tu."

Trekta likanguruma, likasogea, likasimama. Wakaenda kuangalia meno. Weupe ulikuwa katikati tu, mstari mwembamba kama utepe. Mabega yote mawili yalikuwa meusi, hayajagusa kitu.

Kimani aliutazama utepe ule kwa muda mrefu. Tani kadhaa za chuma zilikuwa zimesimama juu ya kipande kisichozidi upana wa kiganja, misimu miwili, na yeye ndiye aliyekuwa juu.

"Punguza," akamwambia fundi wa pancha. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

Upepo ukatoka kwa kelele. Watu wa nyumba za reli walitoka milangoni kuona ni nini kinachopumua hivyo. Upepo ukaendelea kutoka, na Adongo akaona kitu ambacho hakukitegemea, ingawa ni yeye aliyekiomba: tairi likashuka kidogo, ubavu wake ukafura taratibu, na mguu wake ukaanza kutanuka juu ya ardhi kama mtu mzima anayekaa vizuri kitini. Matairi yote aliyoyajua yalikuwa yamekwisha kufa kabla hayajamfikia.

"Inatosha, litatoka kwenye rimu," Kimani akasema.

"Bado. Geji inasoma ishirini na tano."

"Wewe unasoma geji pia?"

"Namba nasoma."

Walipofika kumi na nne Kimani akapiga kwa chuma, kwa mazoea. Tairi halikulia. Lilitoa sauti nzito, ya chini, kama mtu anayegongwa mgongoni akiwa ndani ya koti. Kimani akatikisa kichwa, akakitupa kile chuma kwenye nyasi. Wakamwaga chaki tena. Trekta likasogea. Wakainama kuangalia, na meno yalikuwa meupe kutoka bega hadi bega.

*

Walijaza kidogo zaidi kwa ajili ya lami, kama kibati kilivyosema, na Ijumaa asubuhi Kimani aliondoka mapema kuelekea Ruai. Wanawake wa chama walimfuata kwa pikapu, wote sita, pamoja na Adongo aliyebanwa katikati kama mzigo wa kuvunjika. Usiku manyunyu yalikuwa yamepita. Udongo mweusi wa kule huwa hauna huruma: ukikauka ni jiwe, ukilowa ni gundi. Shamba lilikuwa lilelile ambalo trekta lilikwama msimu uliopita. Mashimo mawili bado yalikuwepo, yamejaa maji na vyura.

"Hapa ndipo tulilivuta kwa kamba," Marion akamwambia Adongo. Alikuwa mwanamke mrefu, mweka hazina wa chama, na ndiye aliyeongea na mtu wa vyuma. "Sikuchukii, msichana. Lakini mtu wa vyuma nimempa ahadi, na ahadi za Ndunge nimezisikia mara nyingi. Likikwama, kesho linakatwa."

Ndunge alisimama peke yake ukingoni mwa shamba, mkoba kifuani.

Kimani alishuka, akatoa upepo mpaka kumi na nne, akapanda tena. Akateremsha plau. Meno ya plau yakazama ardhini na injini ikabadilika sauti, ikawa nzito, na kwa nukta mbili tatu trekta halikwenda popote. Lilitetemeka. Moshi ukapanda. Mmoja wa wanawake akasema polepole, "Ndiyo yaleyale." Adongo alikaza vidole vya miguu ndani ya viatu kama kwamba ni yeye anayevuta.

Kisha gurudumu likashika. Halikuruka, halikuchimba. Lilikanyaga, na jino baada ya jino likaenda chini bila haraka, likasukuma udongo nje pande zote mbili, likatoka upande wa nyuma likiwa safi, linang'aa. Nyuma ya plau ardhi ilipinduka kwa mikunjo minene, nyeusi, yenye mvuke, na harufu yake ikawafikia kabla ya sauti. Trekta likafika kwenye mashimo ya msimu uliopita. Vyura wakaruka. Gurudumu la kushoto likaingia shimoni, likapanda upande wa pili, likaendelea kutembea.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Walisimama sita kwa mstari, mikono imelegea, kama watu walioingia katika nyumba kubwa wakasahau walichofuata.

Mwisho wa shamba trekta lilisimama. "Nilijua," akasema yule aliyesema ni yaleyale. Kimani alikuwa ameshuka. Wakamwona anapiga magoti kando ya gurudumu, wakaanza kukimbia, viatu vikinasa kwenye udongo, Adongo akiwa wa kwanza kwa sababu alikuwa mwepesi.

Trekta halikuwa limeharibika. Kimani alikuwa ameinama kwenye alama lilizoziacha. Upande wa kulia na upande wa kushoto zilikuwa sawasawa, kila jino limechapika mpaka ukingoni, kona zake kali, mstari mmoja mrefu uliorudi shambani kote mpaka walikotoka. Hapakuwa na mahali tairi limeteleza. Mtu angeweza kuhesabu kila hatua.

"Angalia," Kimani akasema bila kumtazama. "Miaka kumi na minane barabarani. Lami haikuonyeshi kitu kama hiki." Baadaye kidogo akaongeza, "Ulisema jina lako nani?"

"Adongo."

"Adongo, sisi tumekuwa tukiliumiza hili."

Adongo alikuwa amevua kiatu bila kufikiri, ameweka mguu wake ndani ya alama moja. Udongo ulikuwa baridi na umeshikamana vizuri. Jino moja lilimeza mguu wake wote na nafasi ikabaki.

Nyuma yao simu ya Marion iliita. Aliitazama, akaisogeza mbali kidogo na macho ili aone jina, kisha akapokea. Wanawake wote wakageuka. Ndunge hakugeuka, alikuwa anayatazama matairi, shingo imekaza.

"Ndiyo, ni mimi," Marion akasema kwenye simu. "Kesho? La, usilete gari." Akasikiliza. Akalitazama shamba lililolimwa na lile lililobaki, akamtazama Ndunge mgongoni. "Hapana, hakuna aliyetupa bei nzuri zaidi. Hatuuzi. Linalima." Akasikiliza tena, na uso wake ukaanza kulegea. "Nimekwambia linalima, baba. Niko hapa. Naliona."

Akakata simu. Hapo ndipo Ndunge alipoweka mkoba wake chini, juu ya udongo mbichi, bila kujali utachafuka, akamwambia Kimani apande, mvua ya kweli inakuja, na shamba halijafika hata nusu.